TAHADHARI: Anauza baruti kuukuu kwenye makopo mapya, pande za Dallas

Ndugu zangu mnaowinda na kujaza risasi wenyewe huku Texas, kuna muuzaji anazunguka na meza yake kwenye maonyesho ya bunduki. Baruti isiyo na moshi, nusu ya bei ya dukani, imo kwenye makopo meupe ya plastiki, lebo kaandika kwa kalamu. Msinunue.

Ukimuuliza kopo la kiwandani liko wapi, anakujibu baruti haiozi. Angekuwa anauza baruti nyeusi, ile ya magobori ya wazee wetu, ningemwelewa: shura, makaa na salfa vikikaa pakavu hudumu miaka na miaka. Hii ya kisasa isiyo na moshi ni kemikali iitwayo nitroselulosi, nayo huoza yenyewe polepole na kutoa gesi za asidi. Kiwandani hutiwa dawa ya kuzinyonya, mara nyingi difenilamini. Ikitunzwa pakavu pasipo joto hukaa hata miongo kadhaa. Iache kwenye banda la bati kiangazi cha huku, dawa itaisha mapema, na baruti iliyoishiwa dawa huweza kupata joto na kuwaka yenyewe ikiwa rafuni.

Kopo nililofungua mezani kwake lilichoma pua, na ndani mna vumbi jekundu kama kutu. Baruti nzima hunukia spiriti kidogo, au etha. Yeye eti "harufu ya plastiki hiyo."

Hata ingekuwa ya jana, bado hujui ni baruti gani. Aina mbili hufanana kwa macho kumbe moja huwaka kasi zaidi. Ukiipima kwa jedwali la vipimo vya ile ya polepole, bunduki inakupasukia usoni.

Praima, vile vidude vidogo vya kuwashia baruti ndani ya risasi, nazo kazimwaga kwenye mfuko wa nailoni, zinagongana tu. Zinawekwa kwenye trei zake kwa sababu zikirundikwa, moja ikilipuka huondoka na wenzake.

Sasa ameingia kwenye magrupu ya WhatsApp: tuma hela kwanza, mzigo unakuja kwa posta. Posta ya Marekani haipokei baruti wala praima. Muuzaji halali husafirisha kama mzigo wa hatari, na ada yake utaiona kwenye risiti.

Mliokwisha kununua, msiipige wala msiichanganye na nyingine. Ikiwa inachoma pua, itoeni nje, mbali na nyumba na gari, kisha pigieni zimamoto wa eneo lenu wawaelekeze namna ya kuitupa.