Splinti ya mguu baada ya Guillain-Barré: inasaidia kweli, ila viatu na ngozi mtajua wenyewe

Mi yangu ilianza na mafua tu, homa na kikohozi, nikapona kabisa, nimeshasahau hata kama niliumwa ndo vidole vya miguu vikaanza ganzi, ikapanda hadi magotini na ngazi zikanishinda. Kumbe ndo Guillain-Barré, yaani kinga ya mwili baada ya kumalizana na kirusi inageukia mishipa yako mwenyewe ya fahamu. Nikapewa dripu za imunoglobulini (kingamwili zinazotolewa kwenye damu ya watu waliochangia), zile za siku 5, na pumzi wanakupima kila mara maana ikifika kwenye misuli ya kupumulia unawekewa mashine.

Nguvu zikarudi, mapaja kwanza, nyayo zikabaki nyuma. Hapo ndo nikatengenezewa splinti, plastiki ya umbo la L inapita nyuma ya shavu la mguu na kuingia chini ya unyayo, ina mkanda wa velkro juu. Kazi yake moja tu, kuzuia mguu usining'inie ukinyanyua hatua. Kabla yake nilikuwa nanyanyua magoti juu kama mtu anayevuka matope na bado najikwaa kwenye zulia, nilivyoivaa tu nikaanza kutembea naangalia mbele, sio chini. Kwa hilo peke yake naipa nyota 4.

Ile moja nimeinyima kwa sababu ya mateso madogo madogo. Inakataa viatu vyako vya zamani, inataka saizi kubwa na ile soli laini ya ndani uitoe. Jasho ndo usiseme, vaa soksi ndefu. Kwenye mteremko inakusukuma goti mbele, shuka taratibu. Alafu hili la ngozi ndo kubwa kuliko yote jamani, mguu una ganzi kwahiyo ikikuchubua HUSIKII, mi ilikuwa inasugua kifundo cha nje nikaja kuona wekundu tu. Kila ukivua kagua, alama ikigoma kupotea ndani ya nusu saa rudisha kwa fundi wake, anapasha plastiki moto anaipanua hapo hapo.

Wanaosema eti inafanya misuli iwe mivivu, mazoezi ya fizio (tiba ya viungo) yanaendelea kama kawaida, tena fizio wangu ananikataza kujikamua mpaka nichoke kabisa. Ndani ya nyumba natembea bila splinti, nikitoka navaa. Na viatu msinunue kabla, subirini splinti iwe tayari mwende nayo mkajaribishe.