Kipimo cha matone cha klorini: nakitegemea, lakini karatasi yake ya maelekezo ina pengo

Simba, mbwa wangu, anapenda maji ya bwawa la kuogelea kuliko ya bakuli lake. Hata nikimbadilishia maji mara tatu kwa siku, ataenda ukingoni, ainame, alambe. Ndiyo maana nilinunua kipimo hiki.

Kukitumia ni rahisi. Unachota maji ya chini kidogo, si ya juujuu, unajaza kichupa, unadondosha matone, unatikisa. Maji yakiwa na klorini hugeuka ya waridi, na kadiri klorini ilivyo nyingi ndivyo rangi inavyokoza. Mimi hulenga miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na pH (kiwango cha uasidi wa maji) kati ya 7.2 na 7.8. Mbwa akilamba kidogo maji ya namna hiyo, kwa kawaida hapati shida.

Shida tuliipata siku nilipomwaga klorini nyingi ya unga jioni ili kuua mwani. Asubuhi nilipima, kichupa kikabaki cheupe kabisa. Nikaamini klorini imeisha usiku, nikaongeza nyingine. Mchana Simba akanywa, tena akanywa sana. Jioni alikuwa anatapika, udenda unamchuruzika, chakula hataki hata kukinusa. Daktari wa mifugo kabla hata hajamgusa aliniuliza: umeweka nini humo, na kiasi gani? Alilala huko chini ya uangalizi, akarudi kesho yake akiwa mzima. Mimi usiku ule sikulala.

Kumbe klorini ikizidi sana, kwenye miligramu 10 na kuendelea, inaweza kuipausha hata rangi ya kipimo. Kichupa cheupe kinaweza kumaanisha hakuna klorini, au ipo ya kupindukia! Karatasi ya maelekezo haina neno hata moja juu ya hilo, na bado linaniuma. Siku hizi nikiona weupe nisioutarajia, nachanganya maji ya bwawa nusu kwa nusu na maji yasiyo na klorini, napima upya, kisha nazidisha jibu mara mbili. Waridi ukitokea ghafla na kufifia, pia nashtuka.

Mwenye mbwa ajue pia kwamba kipimo hiki hakionyeshi chumvi wala sumu ya mwani. Na hakiwezi kumsaidia mbwa aliyemeza maji mengi mno akifukuza mpira majini: akianza kuyumba, tumbo limevimba, mkimbize kwa daktari, kwa sababu chumvi ya damu inaweza kushuka vibaya. Vidonge vya klorini navyo vifungie. Akitafuna kimoja kinaunguza mdomo na koo, na usijaribu kumtapisha.

Nakipa nyota 3 kati ya 5. Rangi zake ni sahihi, matone hayajaharibika kwa miezi minane, na bado napima nacho kila asubuhi kabla sijamfungulia Simba mlango.