Dawa mbili za kutibu maji ya bomba kwa tangi la samaki: uzoefu wangu

Kwa muda mrefu sikuziamini dawa za maji. Nilikuwa nakinga ndoo ya lita 20 jioni, naiacha wazi usiku kucha, kesho yake namimina kwenye tangi langu la lita 80. Gapi, wale samaki wadogo wa mapambo, walizaana kama kawaida yao, na kila aliyeniuliza kuhusu dawa nilimjibu kwamba klorini, ile inayotiwa maji ya bomba kuua vijidudu, inapaa yenyewe hewani. Na kweli inapaa.

Siku moja nikabadilisha maji vilevile nilivyozoea. Haikupita nusu saa, samaki wote wakawa juu, midomo imegusa uso wa maji, mashavu yanafunguka na kufungwa harakaharaka. Tetra wawili, samaki wengine wadogo niliowafuga, walikuwa wameegemea mimea kwa ubavu. Nikawasha pampu ya hewa, nikapima joto, liko sawa. Asubuhi wale tetra wawili nikawatoa kwa kijiko cha wavu.

Nikanunua kipimo cha matone, kile ambacho maji yenye klorini yanageuka manjano. Maji yaliyotoka bombani muda ule yakawa manjano. Yaliyolala ndooni nayo yakawa manjano, ila taratibu, rangi ikipanda huku nimekodoa macho. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sina klorini tupu tena, nina kloramini: klorini iliyounganishwa na amonia ili idumu safari nzima ya mabomba. Hiyo haiishi ndooni kwa usiku mmoja.

Dawa ya kwanza niliyonunua ni ile ya kawaida kabisa, ambayo kazi yake inafanywa na sodiamu thaiosalfeti. Haina rangi, haina harufu ya maana, na ina kasi ya ajabu. Nilitia kwenye ndoo, nikakoroga kwa mkono, nikapima baada ya dakika mbili: maji meupe pe, hata dalili ya manjano hakuna. Nikajiona nimemaliza kazi. Kwa bahati nilikuwa na kipimo cha amonia kabatini, nikajaribu kwa udadisi tu. Kikatoka kijani. Dawa hii inavunja ule muungano na kuiua klorini, lakini amonia iliyokuwa imefungwa nayo inabaki majini. Mwenye maji ya klorini pekee atafurahi nayo kabisa. Mimi sikufurahi, hasa kwa kuwa maji yangu yana pH ya juu, yaani yameegemea upande wa alkali badala ya asidi, na pH ikipanda amonia inazidi kuwa sumu kwa samaki. Sikuona onyo lolote la jambo hili kwenye chupa, na hapo ndipo ninapowalaumu watengenezaji: wameandika kwa herufi kubwa kwamba inaondoa kloramini, wakaishia hapo.

Dawa ya pili ni ile inayodai kushughulikia klorini, kloramini na amonia kwa pamoja. Ukifungua kifuniko unakaribishwa na harufu ya yai viza. Mara ya kwanza nilidhani imeharibika, nikataka kuirudisha dukani. Kumbe ndivyo ilivyo, ina salfa. Harufu inapotea ukishaikoroga kwenye maji. Kipimo chake ni ml 5 kwa lita 200, na hapa pana usumbufu: kwa ndoo yangu ni nusu ml, na kifuniko chenye mistari ya kupimia hakikusaidii kitu kwa kiasi hicho. Natumia sirinji ya ml 1 isiyo na sindano. Halafu nilijinunulia chupa ya ml 250 kwa tamaa. Piga hesabu: nusu ml kwa wiki ni wiki 500. Mwenye tangi moja anunue chupa ndogo kuliko zote.

Jambo lililonichanganya zaidi ni kwamba baada ya dawa hii kipimo cha amonia bado kilionyesha kijani. Nilikaribia kuandika lawama. Maelezo ni kwamba vipimo vingi vya nyumbani vinahesabu amonia yote, iliyofungwa na dawa isiwadhuru samaki na isiyofungwa, hivyo rangi peke yake haikuambii kama samaki wako hatarini. Chupa inasema amonia inabaki imefungwa kwa takriban siku moja, na muda huo unawatosha bakteria wa kwenye filta kuimaliza, mradi filta yako imekomaa, yaani bakteria hao wameshajaa humo. Kwangu, kesho yake kipimo kilirudi manjano, ambayo kwa kipimo hicho ndiyo rangi ya usalama, na samaki hawakupanda juu hata mara moja. Tangu hapo nimebadilisha maji kila wiki bila kupoteza samaki kwa sababu hiyo.

Kuna kosa moja ambalo dawa haiwezi kukuokoa nalo. Ukitibu maji ndooni, pima dawa kwa ujazo wa ndoo. Ukiingiza maji kwa mpira moja kwa moja kwenye tangi, tia dawa kwanza, na upime kwa ujazo wa tangi zima: kwangu ni ml 2, siyo nusu. Nilipoazima mpira kwa mara ya kwanza nilitia nusu ml, na gapi wakanikumbusha. Kuzidisha sana nako si kuzuri, dawa hizi zinaweza kula oksijeni, kwa hiyo siku ya kubadilisha maji pampu ya hewa haizimwi.

Chupa ya kwanza sijaitupa. Naitumia kutibu maji ya kusuuzia sifongo za filta siku ambazo nimesahau kuhifadhi maji ya tangini: klorini inaondoka, na amonia inayobaki kwa wale bakteria ni chakula.