Matundu 31: msumeno wa nakshi nilioununua Kariakoo

Kibao changu kimoja cha alfabeti, ambacho herufi zake hutolewa na kurudishwa mahali pake, kina matundu 31. Herufi za Kiswahili ni 24, na kila moja inahitaji tundu la kuanzia kwa sababu inakatwa katikati ya ubao. A, D, O, P na R zinaongezewa moja la tumboni, ile sehemu iliyozungukwa na herufi. B inaongezewa mawili, matumbo yake ni mawili. Kwa kila tundu bledi inafunguliwa juu, inapenyezwa, inafungwa, inakazwa. Mara 31, kibao kimoja. Muuzaji atakutajia wati za mota mpaka mate yamkauke, lakini mimi siku hizi nikiona msumeno wa nakshi, mashine ya bledi nyembamba inayopanda na kushuka, naangalia kwanza kinachoshika bledi.

Nafundisha chekechea hapa Morogoro. Vibao nilianza kuvitengeneza kwa msumeno wa mkono, ule wa upinde, kimoja kwa wiki, na kila Jumapili kiganja kimevimba. Mbao ni mabaki ya msaji wa Kilombero ambayo mafundi wa samani wananiuzia kwa bei ya kuni. Walimu wenzangu wa shule nyingine wakaanza kuagiza, nikaona sasa ni mashine au niache.

Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa mashine ya mtumba kutoka Marekani, inchi 20, chuma kizito, mkono wake unakwenda kimya kama cherehani iliyotiwa mafuta. Niliipenda, sikatai. Ila kibandiko cha mota kiliandikwa volti 120, hezi 60, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Muuzaji akasema, "Mama, hiyo unaweka transfoma tu, unatumia mpaka wajukuu." Shemeji yangu ni fundi umeme, nikampigia simu nikiwa palepale dukani. Akaniambia transfoma itashusha volti kutoka 230 hadi 120, lakini hezi zetu 50 itaziacha vilevile, na mota ya aina ile itazunguka polepole huku ikipata moto. Nikaishukuru mashine, nikaiacha.

Ya pili ndiyo niliyobeba: mashine mpya ya Kichina ya inchi 16, ile ambayo utaikuta kwenye rafu tatu za mtaa mmoja, rangi tofauti na jina tofauti, chuma kilekile. Nililipa Sh 480,000. Inchi 16 maana yake ni nafasi kutoka kwenye bledi hadi shingo ya nyuma, kama milimita 406, kwa hiyo ubao wa kibao changu unageuka bila kugonga. Mota ni wati 120, mapigo ni 400 hadi 1,600 kwa dakika, na unayarekebisha kwa kitasa. Kwa msaji wa milimita 18 nguvu inatosha. Nikitaka kasi zaidi ubao unaungua, kwa hiyo hata hizo 1,600 sizifikii.

Jambo moja niliisifu siku ileile. Swichi yake ni ya vitufe viwili, kijani na chekundu, na umeme ukikatika inajizima yenyewe. Ukirudi, mashine inabaki kimya mpaka ubonyeze kijani. Kwa mtu anayekata kwake uani, vidole viko sentimita mbili kutoka kwenye bledi, na umeme una tabia zake, hiyo peke yake inastahili elfu hamsini ya bei.

Sasa malalamiko.

Bledi zilizokuja nayo ni zile zenye vijiti vidogo vya kukingamana kila mwisho, za milimita 127. Ukizitumia huna haja ya kufunga skrubu, unaning'iniza tu. Raha, mpaka ufike kwenye tundu. Ili kijiti kipite lazima utoboe kwa drili ya milimita 5. Katika tumbo la A la ukubwa wa kidole, tundu la milimita 5 linakula kona nzima. Kibao changu cha kwanza cha mashine kilikuwa kama mtoto aliyetoka tetekuwanga. Mtoto mmoja darasani akaniuliza, "Mwalimu, panya wamekula?"

Bledi zisizo na vijiti zinapita kwenye tundu la milimita 1.5, huoni ulipoanzia. Mashine hii inazikubali kwa kutumia vishikio vidogo vya kuongezea vilivyomo kwenye boksi, na hapo ndipo penye kilio. Skrubu zake ni laini, za kukazwa kwa ufunguo wa pembe sita. Kibao cha nne tu, kichwa cha moja kikalika, ufunguo ukawa unazunguka bure. Kabla ya hapo bledi ilishanichomoka katikati ya kazi mara sijui ngapi, kishindo kama mtu amevunja sahani.

Nikavipeleka vishikio kwa fundi wa kukereza vyuma. Akanichongea vipya viwili kwa chuma kigumu, na badala ya skrubu za ufunguo akaweka za masikio, nakaza kwa vidole. Sh 25,000. Nilipopima, kuhama tundu moja hadi jingine kulishuka kutoka dakika mbili na nusu hadi chini ya dakika moja. Zidisha kwa 31 uone. Kama ningeanza upya, hayo ndiyo ningeyafanya kabla hata ya kuichomeka kwenye umeme.

Tatizo la pili lilinichukua wiki nzima kulielewa. Herufi zilikuwa zinatoka upande mmoja tu wa ubao, kama kizibo cha chupa, na zikirudishwa kwa upande mwingine zinagoma. Kipimo cha nyuzi chini ya meza kilisema sifuri. Kipimo kilikuwa kinadanganya. Mzee jirani yangu, fundi seremala mstaafu, alinionyesha njia yake: chukua kipande kinene cha mbao, kata mfereji mfupi wa milimita mbili tatu mbele ya bledi, simamisha mashine, kisha zungusha kipande ukilete nyuma ya bledi bila kukiinua mezani. Bledi ikiingia kwenye mfereji wenyewe bila kusukumwa, meza iko sawa. Yangu ilipita pembeni ya mfereji kwa unene wa ukucha. Tukalegeza meza, tukasogeza, tukapima tena, mara tatu, mara nne. Akamalizia kwa guni lake la zamani, kile kipimo cha pembe mraba, akacheka: "Mwalimu, mashine hii ilikuwa imeinama kusali." Mshale wa kipimo niliung'oa ili usinidanganye tena.

Usije ukachanganya hilo na bledi kuvuta upande. Hilo ni la kawaida, si ubovu wa mashine. Bledi nyingi meno yake hukatwa kwa mashine, upande mmoja wa ukingo unabaki na makali kuliko mwingine, basi njia inakwenda kulia hata ukisukuma mbele moja kwa moja. Unaingiza ubao kwa mshazari kidogo, na baada ya siku mbili mikono inajua yenyewe. Mimi kabla ya kuambiwa nilishaifungua mashine nusu nzima nikitafuta kilichopinda.

Kutikisika: katikati ya mwendo, si polepole sana wala si kasi sana, kikombe cha chai kilitembea mezani hadi kikaanguka. Nikaweka vipande vya kandambili chini ya miguu yake, nikijiona mjanja. Ikacheza zaidi, maana kandambili zinadunda. Dawa ilikuwa bolti tatu ndefu kwenye meza nzito ya mvule, na katikati utepe mwembamba wa tyubu ya pikipiki. Kikombe sasa kinakaa, ingawa chai inaonyesha viduara.

Mengine ni madogo. Kitundu cha katikati ya meza ni kikubwa mno, tumbo la P linadumbukia ndani na kupotea kwenye unga wa mbao, kwa hiyo nimebandika juu yake kipande cha kifuniko cha ndoo ya rangi chenye tundu la bledi tu. Bomba la kupuliza vumbi linapuliza kama mgonjwa. Nimeweka pampu ya tangi la samaki na mrija wake, mstari wa penseli unaonekana muda wote. Vumbi lenyewe haliendi kokote ila puani, na barakoa za wakati wa korona zimepata kazi. Mguu wa kukandamiza ubao nimeutoa kwa sababu unaziba macho. Sikushauri ufanye hivyo kama ndiyo kwanza unaanza, ubao ukirukaruka unavunja bledi na kukugonga vidole.

Bledi ni gharama isiyoisha. Msaji una mchanga wake wa asili ndani ya mbao na unamaliza meno haraka. Natumia bledi za saizi namba 5, na moja inanipa herufi tano au sita kabla haijaanza kunisukumisha. Ukibandika selotepu pana ya maboksi juu ya ubao kabla ya kukata, msaji hauungui na bledi inadumu kidogo. Kukaza ni kwa sikio: idonoe kama uzi wa gita, itoe mlio wa juu ulio safi. Ikitoa mlio mzito, ikaze tena. Ndugu aliniletea dazeni mbili za bledi za Pegas, za Uswisi, na tofauti yake na zile za dukani ni kama wembe na kisu cha mkate. Hizo nazificha.

Kwa hiyo kama unaenda kununua, beba bledi moja isiyo na vijiti mfukoni, mwambie kijana wa dukani akufungie mbele yako, afungue, afunge tena. Akikwambia "hiyo utazoea tu, mama," toka uende rafu nyingine.

Vibao sasa natoa vitatu kwa wiki, na kiganja kimepona. Mzee jirani ameanza kuja jioni kuomba mashine akate maua ya kitanda cha mjukuu wake. Nimemwambia karibu, lakini aje na bledi zake.