Uzoefu wangu: nilivyodai bima ya boksi la makubadhi lililopotea kati ya Tanga na Mwanza

Natengeneza makubadhi ya ngozi yenye shanga hapa Tanga, nauza kwa simu na kutuma mikoani. Ni miaka mitano sasa natuma, na mwaka huu ndiyo mara ya kwanza boksi kupotea moja kwa moja, lisionekane wala lisirudi. Jina la kampuni ya kusafirisha vifurushi siliweki. Ninachotaka mkijue ni kinachotokea unapokwenda kudai ile bima unayolipia kaunta, maana wengi tunailipia bila kujua tunanunua nini.

Oda ilikuwa jozi 12, sare ya kamati ya harusi huko Mwanza. Kila jozi sh. 45,000, jumla 540,000. Dada aliyeagiza alitanguliza 300,000 kwa simu, iliyobaki angemalizia akishapokea. Nilizipanga mkekani, kila jozi na kikaratasi chenye jina la mvaaji, shanga za buluu na nyeupe zikipanda kuanzia kidole gumba. Nikazipiga picha pale mkekani, nikazipiga tena zikiwa ndani ya boksi kabla ya kufunga kwa selotepu. Picha zilikuwa za kumwonyesha mteja. Bima haikuwa kichwani mwangu hata kidogo.

Kaunta kijana alipima, kilo 7, nauli 18,000. Kwenye risiti, pale pa maelezo ya mzigo, akaandika neno moja tu: viatu. Nikamwambia, "Mdogo wangu, andika jozi kumi na mbili, makubadhi ya ngozi na shanga, laki tano na arobaini." Akanijibu nafasi haitoshi, na nikitaja thamani nitalipia bima asilimia mbili. Nikapiga hesabu: 10,800. Nikalipa. Akaandika kwa herufi ndogo mpaka ukingoni mwa karatasi, muhuri ukagongwa juu yake. Kila shilingi niliyokuja kulipwa ilitokana na mstari ule.

Niliahidiwa siku tatu. Kwenye simu niliona mzigo umetoka Tanga, umeingia Dar es Salaam saa tano usiku, kisha kimya. Siku ya nne ni maneno yale yale, "Umepokelewa Dar es Salaam." Siku ya sita vivyo hivyo. Nikipiga naambiwa, "Mama, gari la Mwanza linapakia leo, subiri kesho." Siku ya tisa nikaacha kupiga, nikageuza risiti na kusoma maandishi madogo ya nyuma. Pameandikwa kwamba malalamiko ya mzigo kupotea yapelekwe kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu siku ya kutuma. Nilikuwa nimebakiza siku tano, na katika simu zangu zote hakuna aliyenitajia hilo. Simu zile hazihesabiki popote. Nikaandika barua nakala mbili, moja nikawaachia, nyingine wakaigongea muhuri wa kupokea nikarudi nayo nyumbani.

Harusi ikapita. Ijumaa kamati ilizunguka sokoni kutafuta viatu vinavyofanana, hawakupata, kila mtu akavaa chake. Mimi nilikopa kikoba nikamrudishia yule dada 300,000 zake siku moja kabla. Hakuzidai. Aliniambia, "Dada, najua si wewe." Lakini fedha yake ilikuwa mkononi mwangu, na viatu havikuwa miguuni mwao.

Kampuni ilisema itatafuta kwa siku 21. Zilipoisha niliitwa ofisini nikapewa karatasi ya kusaini: sh. 54,000, yaani nauli mara tatu. Mstari wa mwisho ulisomeka kwamba nikishapokea sina dai lingine lolote kuhusu mzigo huu. Nawaomba sana hapa, msisaini karatasi ya namna hiyo siku mnayopewa. Nauli mara tatu ni kiwango chao cha mzigo usio na bima, kimo kwenye masharti yale yale ya nyuma ya risiti. Wa kwangu ulikuwa na bima. Meneja hakuwa mkali, alizungumza kwa upole kabisa, na nadhani upole ule ndio unaowafanya watu wengi wasaini.

Nikamwuliza swali ambalo sasa naona lilipaswa kuwa la kwanza kaunta: hii bima ni ya kampuni gani ya bima? Akasita. Kwenye risiti palikuwa na "Bima 10,800", hakuna jina, hakuna namba ya mkataba. Tofauti yake ni kubwa. Kuna msafirishaji anayechukua asilimia yako na kukuahidi mwenyewe kwamba atakulipa. Hiyo ni ahadi yake, na akikataa unakwenda TCRA, kwa kuwa ndiyo inayosimamia posta na wasafirishaji wa vifurushi. Kuna mwingine aliyekata bima ya mizigo kwa kampuni ya bima iliyosajiliwa, nawe unaingizwa humo. Hapo unakuwa na mlango wa pili: TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Usipojua uko upande gani, utazungushwa baina ya ofisi na ofisi.

Sikujibiwa siku ile. Nikaandika barua ya pili ya ukurasa mmoja: tarehe, namba ya risiti, nilicholipia, ninachodai, na ombi la jina la kampuni ya bima pamoja na namba ya mkataba. Chini nikaandika nakala kwa TCRA na TIRA, nikaituma kwa barua pepe na kuipeleka kwa mkono. Kesho yake saa nne asubuhi nilipigiwa simu. Kumbe bima ipo ya kampuni kamili, na dai langu lilikuwa halijafika kwao hata siku moja.

Afisa madai wa kampuni ya bima alikuwa mtu wa kazi, nampa haki yake. Alitaka risiti, barua yenye muhuri, picha, na uthibitisho wa thamani. Hapo ndipo tulipobishana kweli. Alisema, "Mama, bima inakurudisha ulipokuwa, haikupi faida," kwa hiyo angelipa gharama ya ngozi, soli na shanga, ambayo kwa risiti zangu ilikuwa kama 290,000. Kwa mtu ambaye mali yake bado iko stoo, namwelewa. Lakini zile jozi zilikuwa zimeshauzwa. Nilimwonyesha ujumbe wa simu wa malipo ya 300,000, mazungumzo ya oda yenye bei ya kila jozi, na ujumbe wa mimi kurudisha fedha. Nikamwambia kabla boksi halijapotea nilikuwa na biashara ya 540,000 iliyokubaliwa, na sasa nina deni la kikoba. Alichukua risiti, akaweka kidole kwenye ule mstari wa herufi ndogo, akausoma kwa sauti mpaka mwisho. Akasema thamani ilitangazwa, ikapokelewa na ikalipiwa, atapeleka dai kwa bei ya kuuza.

Kama ningetangaza laki mbili ili nipunguze malipo ya bima, pale pale ndipo dai lingegota, hata ningekuja na ushahidi wa milioni. Na kama risiti ingebaki na neno "viatu" tu, sijui ningethibitishaje kwamba si ndala.

Nililipwa siku ya 53 tangu kutuma. Walikata asilimia 10, sehemu ambayo mkataba unamwachia mwenye mali abebe mwenyewe, nikapokea 486,000. Makato hayo sikutajiwa kaunta, na nalaumu hilo, kwa sababu mtu anayelipia bima ana haki ya kujua kabla.

Kwa wanaotuma nje kupitia posta, kama mimi ninavyomtumia dada yangu Muscat, utaratibu ni mwingine. Namba ya mzigo ina herufi mbili, tarakimu tisa, na TZ mwishoni. Ukipotea, aliyetuma ndiye anayefungua ulizo posta alikotumia, kwa fomu ya CN 08, na Umoja wa Posta Duniani umeweka muda wa miezi sita kuanzia kesho yake ya siku ya kutuma. Msikae mkingojea aliyeko ng'ambo ahangaike peke yake.

Alama zangu: bima yenyewe naipa tatu kwa tano, nami nitaendelea kuilipia kwa kila mzigo unaozidi laki moja. Msafirishaji nampa moja. Boksi lilipotea mikononi mwake, akanificha muda wa kulalamika, akataka nisaini nauli mara tatu, na hadi leo hajaniambia lilipotelea wapi kati ya ghala la Dar na gari la Mwanza.

Nauli yangu ya 18,000 bado naidai, kwa kuwa bima ililipa mali tu, na huduma niliyoilipia haikufanyika. Barua ya tatu nimeipeleka Jumatatu, ina muhuri wa kupokea. Nikijibiwa nitaongeza hapa hapa.