Kozi za Mtandaoni kwa Biashara Ndogo: Ipi Inastahili Bando Lako?

Karibuni watazamaji. Leo tunachambua kozi za biashara za mtandaoni. Tutapitia HP LIFE, kozi ya Google ya masoko ya kidijitali, Udemy, Coursera, Alison, na yale madarasa ya WhatsApp yanayotangazwa kila siku kwenye magrupu. Tunazipima kwa macho ya mtu mwenye biashara ndogo: anayeoka keki nyumbani, anayeuza vipodozi kwenye fremu, fundi cherehani mwenye wasaidizi wawili. Mtu huyu hatafuti ajira, kwa hiyo cheti hatukipi uzito. Tunauliza jambo moja tu: akishasoma saa moja, kesho asubuhi atabadilisha nini kwenye biashara yake?

Tuseme msimamo wetu mapema. Wengi wananunua kozi ya matangazo wakati tundu liko kwenye bei. Bidhaa unayoiuza kwa hasara ukiiongezea wateja, umeongeza hasara. Kozi ya kwanza iwe ya gharama na kumbukumbu, masoko yafuate.

Kwa sababu hiyo nafasi ya kwanza tunaipa HP LIFE, inayotolewa na HP Foundation. Ni bure tangu kujisajili hadi cheti. Kozi moja inachukua kama saa moja, na sehemu kubwa ni maandishi na mazoezi ya kubofya majibu, kwa hiyo bando linaenda taratibu. Inapatikana kwa Kiingereza, na pia Kifaransa na Kiarabu. Ndugu zetu wa Bujumbura, Goma na Lubumbashi wanaweza kuisoma kwa Kifaransa bila shida. Usifuate mpangilio wa ukurasa wao. Kama tayari unauza, ruka ile ya kuanzisha biashara. Anza na Basics of Finance (misingi ya fedha), uende Profit and Loss (faida na hasara), kisha Cash Flow (mzunguko wa pesa). Mwenye mzigo dukani aongeze Inventory Management (usimamizi wa bidhaa zilizopo). Hizo nne ni kama saa nne za kusoma, na zinatosha kwa mwezi mzima, kwa sababu kazi yenyewe inafanyika kwenye daftari lako.

Udhaifu wake ni kwamba mifano inatoka kwenye biashara zisizofanana na zako, na mwanafunzi anamaliza maswali yote bila kuandika namba hata moja ya kwake. Kwa hiyo tufanye pamoja lile zoezi ambalo kozi inakuachia ulifanye mwenyewe. Chukua keki moja ya oda, kwa bei za mfano, wewe utaweka zako.

Unga, sukari, mayai, siagi na mapambo, shilingi 11,000. Boksi na kibao, 2,000. Gesi, 1,200. Hapo wengi wanaacha kuhesabu, wanaona 14,200, wanauza 25,000 na kuamini wamepata faida ya 10,800. Sasa weka muda wako: saa 3 kwa shilingi 2,000 kila saa ni 6,000. Ukisema muda wako ni bure, siku utakapomwajiri msaidizi faida yote itaenda kwenye mshahara wake. Tumefika 20,200.

Bado gharama za kudumu, zile zinazokuja hata usipooka kitu: sehemu ya kodi ya chumba, umeme wa friji, bando la biashara, uchakavu wa vifaa. Uchakavu ndio unaosahaulika zaidi. Mashine ya kuchanganyia ya shilingi 360,000 inayodumu miaka 3 inakugharimu 10,000 kila mwezi, uikumbuke usiikumbuke. Tuseme jumla ya gharama za kudumu ni 120,000 kwa mwezi, na unaoka keki 40. Kila keki inabeba 3,000. Sasa tuko 23,200. Na kama keki moja katika 20 inaungua au inaanguka njiani kwenye boda, zile 19 zilizosalimika lazima ziilipie ile moja: 23,200 mara 20, gawa kwa 19, unapata kama 24,400. Ile ya 25,000 imekuachia shilingi 600.

Hapa kuna kosa la hesabu ambalo hata baadhi ya walimu wa mtandaoni wanalifundisha. Ukitaka asilimia 20 ya bei ya kuuzia iwe faida, huongezi asilimia 20 juu ya gharama. Unagawa gharama kwa 0.8. Ukiongeza asilimia 20 kwenye 24,400 unapata 29,280. Ukigawa kwa 0.8 unapata 30,500. Tofauti ni shilingi 1,220 kwa keki, na kwa keki 38 zinazosalimika katika 40 ni zaidi ya 46,000 kwa mwezi.

Kwa bei hiyo ya 30,500, kila keki ikishalipa vitu vyake na muda wako inabakiza 10,300. Gawa 120,000 kwa 10,300: keki 12 za kwanza za mwezi, zikiuzwa bila kuharibika, zinalipia gharama za kudumu, na faida inaanza hapo. Angalia pia upande wa pili. Mwezi wa oda 20 badala ya 40, mzigo wa gharama za kudumu unapanda kutoka 3,000 hadi 6,000 kwa keki. Ndiyo maana mtu anapunguza bei mwezi mbaya ili avute wateja, na mwisho wa mwezi anashangaa pesa imekwenda wapi. Kozi yoyote inayokufundisha kupanga bei bila kukupitisha kwenye hesabu hii, iache.

Profit and Loss inakuonyesha faida. Cash Flow inakuonyesha kama una hela mkononi. Ni mambo mawili. Oda ya harusi ya shilingi 600,000 inayolipwa wiki tatu baada ya sherehe ina faida nzuri kwenye karatasi, lakini mayai na siagi unanunua leo taslimu. Dawa yake ni malipo ya awali yanayofunika vitu vyote vya kununua. Kwenye mfano wetu vitu ni kama 14,200 katika 30,500, karibu asilimia 47, kwa hiyo asilimia 50 ndiyo ya chini kabisa unayopaswa kuomba. Hapa HP LIFE inafanya kazi nzuri kweli.

Sasa, mtu atauliza kama mafunzo yenyewe yanaongeza kipato. Kuna tafiti zinazoaminika, na tuwe wakweli kwamba zilipima mafunzo ya ana kwa ana. Kenya, wanawake wafanyabiashara wa masoko ya vijijini walipewa mafunzo ya siku 5 ya Shirika la Kazi Duniani, na miaka mitatu baadaye mauzo yao yalikuwa juu kwa asilimia 18 na faida kwa asilimia 15. Togo, utafiti uliochapishwa 2017 kwenye jarida la Science ulilinganisha mafunzo ya kawaida ya biashara na mafunzo ya kujituma: kutafuta fursa bila kusubiri, kujiwekea malengo, kujiandaa kwa vikwazo. Waliofundishwa kujituma waliongeza faida kwa asilimia 30. Mafunzo ya kawaida yalileta asilimia 11, kiasi ambacho watafiti hawakuweza kukitofautisha kwa uhakika na bahati tu.

Utafiti unaotugusa zaidi ni wa Jamhuri ya Dominika, wa 2014. Kundi moja lilifundishwa uhasibu kamili, jingine likapewa kanuni chache rahisi, kubwa ikiwa kutenganisha pesa ya biashara na ya nyumbani. Waliopewa kanuni rahisi ndio walioboresha usimamizi wa pesa zao. Kwa hiyo kozi ya saa 40 ya uhasibu haikupi uhakika wa kuzidi ile ya saa moja. Fungua laini ya pili ya M-Pesa, Airtel Money au huduma unayotumia, iwe ya biashara peke yake, jilipe mshahara siku moja kwa wiki, na usiiguse kwa mboga. Fanya hivyo kabla hujajisajili popote.

Tuje Udemy. Huku ubora unategemea mwalimu mmoja mmoja, maana karibu mtu yeyote anaweza kupandisha kozi. Bei inayoonyeshwa imekatwa mstari isikutishe, punguzo linarudi mara kwa mara, subiri. Kabla ya kulipa tazama masomo ya bure ya mwanzo, angalia kozi ilisasishwa lini, na soma maoni ya nyota tatu. Wa nyota tano wanasifu, wa nyota moja wamekasirika, wa nyota tatu ndio wanaokwambia kilichokosekana. Una siku 30 za kuomba kurudishiwa pesa, ila ukishatazama sehemu kubwa ya kozi wanaweza kukataa. Tunaipendekeza kwa ujuzi wa mikono na vifaa: Excel, kupiga picha za bidhaa, kutengeneza mabango kwa Canva. Kwa mambo ya sheria na kodi, hapana. Walimu wengi wanafundisha mazingira ya Marekani au Uingereza, na utamaliza ukijua kusajili kampuni kwenye jimbo la Delaware, Marekani, wakati kwa Tanzania unachohitaji ni jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara), namba ya mlipakodi, leseni ya halmashauri, na nembo ya TBS (shirika la viwango) kama unafungasha chakula.

Na kodi ina jambo ambalo wauza kozi wa nje hawawezi kukuambia. Kwenye viwango vya Tanzania kwa wafanyabiashara wadogo vilivyotumika baada ya 2022, mwenye mauzo ya milioni 9 kwa mwaka asiyetunza kumbukumbu alilipa 250,000. Anayetunza alilipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 7, yaani 60,000 zaidi, jumla 150,000. Daftari limeokoa laki moja. Viwango hupitiwa kila bajeti ya Juni, angalia jedwali la TRA (mamlaka ya mapato) la mwaka wako.

Coursera ina kozi za vyuo vikubwa, nzuri, lakini nyingi zimeandaliwa kwa mtu anayetafuta kazi. Jihadhari na jaribio la siku 7: unaweka kadi, unasahau, siku ya nane unakatwa malipo ya mwezi. Siku unayojisajili ndiyo siku ya kuweka kengele kwenye simu. Alison, ya Ireland, ni bure kusoma na ina matangazo, cheti unalipia. Usikilipie. Mteja wako wa Mbagala hatakuuliza cheti.

Kozi ya Google ya misingi ya masoko ya kidijitali ilitolewa ikiwa na moduli 26, kama saa 40. Nyingi mno kwa mwenye duka. Chukua zile za kuonekana mtaani kwako kwenye ramani, ukitoka hapo fungua wasifu wa biashara wa Google: jina, saa za kazi, namba ya simu, picha halisi za mlangoni ili mteja asipotee. Hiyo ni bure na inafanya kazi hata ukiwa umelala. Kisha tumia WhatsApp Business vizuri. Katalogi inabeba hadi bidhaa 500, na kila moja iandikwe bei. "Njoo inbox" inafukuza watu. Lebo ni hadi 20, zitumie kutenganisha aliyeuliza, aliyelipa nusu na aliyemaliza. Asubuhi unafungua lebo ya walioulizia tu na kuwafuatilia.

Madarasa ya WhatsApp yana faida moja kubwa: yanafundishwa kwa Kiswahili na mtu anayezijua bei za Kariakoo. Mengine ni mazuri sana, hasa ya sabuni, mapishi na ushonaji. Kabla ya kutuma pesa omba mtaala ulioandikwa, omba somo moja la sauti usikilize, na uone biashara ya mwalimu inayouza kitu kingine mbali na kozi. Uliza kama vipimo vinatolewa kwa gramu na mililita. Anayefundisha sabuni ya maji kwa "kifuniko kimoja" na "kiasi fulani" anakuachia ndoo itakayokatika, na soda kali isiyopimwa inaunguza ngozi. Na akikuahidi kamisheni kwa kila mtu utakayemwingiza, toka.

Kuhusu kumaliza: kwenye kozi za wazi za mtandaoni za vyuo vikuu vya Marekani, MIT na Harvard, mwaka 2017 hadi 2018, waliomaliza walikuwa kama asilimia 3 ya wote waliojisajili, kwa waliolipia cheti ilikuwa asilimia 46. Wewe huna haja ya kumaliza. Pakua masomo kwa ubora wa 360p ukipata waifai, maana video ya 720p inaweza kula zaidi ya GB 1 kwa saa. Soma somo moja, lifanyie kazi wiki nzima, na Jumapili jioni andika namba tatu: mauzo, gharama zote pamoja na muda wako, na pesa iliyopo kwenye laini ya biashara. Wiki nne zikipita hakuna namba iliyosogea, rudi kwenye ile hesabu ya keki na uifanye upya kwa bidhaa yako inayouzika zaidi, kabla ya kufungua kozi nyingine.