Uzoefu wangu: mazoezi ya ngumi Naguru, Kampala, kwa sisi wenye Parkinson

Nikimwambia mtu kwamba nina Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo wa mwili, na ninakwenda kupiga ngumi, ananiuliza habari za Muhammad Ali kabla hata sijamaliza sentensi. "Mzee, si ndizo ngumi zilizomletea yule ugonjwa huo huo?" Kampala ni mji wa ndondi. Hata muuza chapati wa hapa kwetu Kireka atakusimulia medali ya fedha ya bondia John Mugabi kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 huku anageuza rolex, yaani chapati ya kuviringishia mayai, kwa hiyo swali hilo halikwepeki na nalijibu mapema. Ali alipigana mara ya mwisho 1981, akaambiwa ana Parkinson 1984, na madaktari wamebishana miaka yote kuhusu mchango wa makonde aliyopigwa kichwani. Mimi sipigwi. Ninapiga begi la ngumi linaloning'inia, ninapiga pedi anazoshika kocha, ninapiga hewa. Hakuna mkono wa mtu unaokuja usoni kwangu. Ukikuta klabu inayomwambia mgonjwa apande ulingoni "achezecheze kidogo" na mwenzake, chukua mfuko wako uondoke.

Nilikuwa dereva wa lori, Mombasa hadi Kampala na mara nyingine Kigali. Ugonjwa ulianzia kwenye sahihi. Pale mpakani Malaba nilikuwa natia sahihi karatasi za forodha kila safari, nikaona jina langu linaanza vizuri kisha herufi zinapungua mpaka za mwisho zinakuwa kama punje za ulezi. Benki moja mjini ikakataa sahihi yangu, eti hailingani na ile ya kwenye kadi yao. Baadaye kidole gumba cha kulia kikaanza kucheza chenyewe nikiwa nimekaa, halafu mguu wa kulia ukawa unaburuza ndala. Kwa upande wa wakwe maneno yalikuwa mengi, maana mke wangu ni Muganda, na Buganda wapo wengi wanaoamini kwamba anayetetemeka amegusana na mkwe wake. Mama mkwe wangu mwenyewe ndiye aliyewanyamazisha.

Daktari alinieleza hivi: ndani ya ubongo kuna seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia mwili kuanza mwendo na kuuendesha vizuri. Seli hizo zinakufa polepole. Vidonge vya levodopa na carbidopa vinajaza pengo, lakini havizuii seli kufa. Halafu akasema mazoezi si nyongeza ya kufanya ukipata nafasi, ni sehemu ya matibabu, na yawe ya kutoa jasho.

Ngumi kama mazoezi ya Parkinson zilianzia Marekani, katika mji wa Indianapolis, mwaka 2006. Scott Newman, mwendesha mashtaka aliyepata ugonjwa akiwa na umri wa miaka 40, alianza kufanya mazoezi ya bondia, akaona mwili unarudi, yeye na wenzake wakaanzisha klabu ya Rock Steady Boxing. Ninakokwenda mimi si tawi lao. Ni klabu ya kawaida ya ngumi Naguru, bati juu, sakafu ya saruji, na kocha aliyekuwa askari ambaye alikubali kujifunza. Kiswahili ndicho kinachosikika humo, kama ilivyo kwenye kambi nyingi za polisi na jeshi hapa Uganda, na hilo lilinifaa kwa sababu Luganda changu ni cha kununulia nyanya.

Wazee tunakuja asubuhi, vijana wakiwa bado hawajafika. Kazi ya kwanza ni bandeji za mikono, na hapa kocha ni mkatili kidogo: hamfungii mtu. Unatia kitanzi kwenye gumba, unazungushia kifundo cha mkono, unapanda kwenye vifundo vya vidole, unapitisha katikati ya kila kidole, unarudi kifundoni. Vidole vyangu vya kulia vinagoma hasa kwenye kupitisha katikati. Bandeji inalegea, naanza upya. Mwanzoni nilidhani ananichelewesha bure. Kumbe vidole vinavyoshindwa na bandeji ndivyo vinavyoshindwa na vifungo vya shati, na yeye anataka vifanye kazi hiyo kabla havijafichwa ndani ya glavu.

Kisha miguu. Kocha amechora mistari ya chaki sakafuni, na kila hatua lazima ivuke mstari. Kwa mtu mwenye afya huo ni mchezo wa watoto. Kwetu sisi, mguu unaweza kuganda ghafla kama umegundishwa chini, hasa mlangoni au mahali pembamba, na kitu cha kuvuka kinaufungua. Tunazunguka begi kushoto, tunazunguka kulia, kwa hatua fupi fupi, bila kuvusha mguu mmoja juu ya mwingine. Wengi wetu tunaanguka wakati wa kugeuka kuliko wakati wa kwenda mbele, kwa hiyo kama ningeambiwa nichague kipande kimoja tu cha mazoezi haya, ningechukua huko kugeuka na kuacha ngumi zenyewe.

Kingine ni sauti. Kila konde lina namba: moja ni jabu la mkono wa mbele, mbili ni lile la nyuma lililonyooka, tatu ni la kuzungusha kutoka pembeni. Kocha anaita, "Moja, mbili, tatu!" na wewe unapiga huku unamrudishia kwa kelele. Ukinong'ona hahesabu. "Mzee, sijakusikia! Unaongea na nani, na glavu?" Parkinson inashusha sauti bila wewe kujua; unadhani unaongea kawaida, watu wanakuinamia. Halafu anabadilisha: anaita namba, lakini unatakiwa utaje vituo vya barabara ya kutoka Mombasa huku unapiga. Mariakani, Voi, Mtito Andei... pale kichwa kinachemka, maana mwili na akili vinagombania nafasi. Mama watoto aliyaona matunda kabla yangu. Aliniambia siku hizi akiwa jikoni ananisikia nikiita kutoka sebuleni, wakati zamani ilibidi nigonge meza.

Mwisho tunalala chini na kuamka. Unageuka ubavu, unapiga magoti, unaweka mguu mmoja mbele, unasimama. Simama taratibu, tafadhali. Presha ya wengi wetu inashuka tukiinuka ghafla, dawa nazo huchangia, na kizunguzungu kwenye sakafu ya saruji si mchezo.

Dawa ndiyo saa ya kila kitu. Levodopa huchukua kama nusu saa hadi saa nzima kuanza kazi, na protini nyingi tumboni inaweza kuichelewesha. Mimi nameza kidonge alfajiri na maji, bila chakula, naondoka nyumbani, nikifika Naguru mwili umefunguka. Katogo ya utumbo, maharage, rolex ya mayai mawili, vyote vinasubiri baada ya mazoezi, na hilo ni jaribu kubwa kuliko kamba ya kuruka. Kuna asubuhi foleni ya Jinja Road ilinishika Banda, nikafika dawa imeanza kwisha nguvu. Nilikaa kwenye benchi nikiwaangalia wenzangu, siwezi hata kufungua zipu ya mfuko. Kocha hakunilazimisha, aliniletea kiti chenye mgongo akaendelea na darasa.

Je, imenisaidia? Nimesema sauti. Mwendo pia: mguu hauburuzi kama zamani, na ninaingia kwenye taksi bila kuganda mlangoni huku kondakta ananikaripia. Nalala vizuri zaidi siku za mazoezi. Kutetemeka kuko pale pale. Gumba langu linacheza hata sasa ninapoandika. Sahihi haijarudi. Yeyote atakayekuuzia ngumi kama tiba ya Parkinson anakudanganya. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2011 kuhusu mazoezi haya uliwafuata watu 6, ukaona wameboreka katika kutembea na kusimama imara. Ni dalili njema, lakini watu 6 ni wachache, na mimi siwezi kukuhubiria zaidi ya hapo.

Sasa malalamiko. Sakafu ni ngumu na haina kitu cha kushikilia pembeni. Nimeshamwambia kocha afunge bomba la chuma ukutani, ananiahidi kila mwezi. Choo kiko nyuma ya jengo, unashuka ngazi zisizolingana, na mtu wa Parkinson akibanwa hawezi kusubiri. Glavu za klabu zinatoka mkononi mwa kijana wa jana usiku zikiwa bado na jasho lake. Harufu yake itakuamsha kuliko kahawa. Msaidizi wa kocha, kijana mzuri lakini ana haraka, anapenda kusukuma wazee kama anaandaa timu ya taifa. Na muziki! Wanafungulia spika mpaka hesabu hazisikiki, wakati darasa letu zima linategemea kusikia na kupaza sauti.

Bei ni shilingi 10,000 kwa kipindi, na kocha hupunguza ukilipa mwezi mzima. Ongeza taksi mpaka Nakawa na boda ya kupanda kilima. Boda yenyewe ni hatari kwa mtu ambaye mizani yake si nzuri, kwa hiyo mimi namchukua dereva mmoja ninayemfahamu, anasubiri mpaka nikae sawasawa ndipo aondoke.

Mwenye mifupa dhaifu, mwenye shida ya moyo, au ambaye anaanguka mara kwa mara, aanze kwa daktari, na hata akikubaliwa aje na mtu wake wa kusimama nyuma akimshika mkanda. Kwenye darasa letu mzee mmoja huja na binti yake, mwingine anapiga akiwa amekaa kwenye kiti, na hakuna anayewacheka. Anayeanza asitafute darasa la "kuchoma mafuta" kwenye jimu kubwa za mjini. Kule wanakwenda kasi na hawajui dawa yako inaisha nguvu saa ngapi. Mtafute kocha atakayekuuliza hilo kabla ya kukuuliza pesa.

Mimi naendelea. Ukitaka kuja Naguru, njoo na bandeji zako mwenyewe, viatu vyenye soli bapa, na glavu mpya kama mfuko unaruhusu. Zile za klabu nimekwisha kukwambia.